MUACHENI DADA WA WATU NA WAINI YAKE TAMU! Wanaocheka mezani ndio hawaijui waini

Kuna klipu moja fupi imezunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp. Staa mmoja wa filamu, jina linahifadhiwa ila wenye mji wao wanamjua, yuko mezani na washkaji zake kwenye mgahawa mmoja wa Masaki. Bethidei ya mtu. Mhudumu anapita anauliza kila mmoja anakunywa nini. Watu wanataja majina marefu ya Kifaransa utadhani wamezaliwa huko. Inafika zamu ya dada mmoja aliyekaa pembeni, yeye si staa, ni msusi wa huyo huyo staa. Anasema kwa sauti ndogo: "Mimi naomba waini tamu."

Meza nzima ikaangua kicheko. Staa akamgeuzia simu usoni: "Jamani, mtoeni mtu kijijini lakini..." Unaujua huo msemo unavyomalizika. Dada wa watu akacheka nao, maana angefanyaje, halafu akabadilisha oda. Akaletewa waini kavu nyekundu, ile mnayoiita drai, akawa anaipiga kidogo kidogo huku amekunja uso kama mtoto anayenyweshwa kwinini.

Komenti zikagawanyika. Wengine "hahaha mshamba huyo". Wengine wakamtetea kwa huruma, eti muacheni, si wote wamekulia mjini. Hapo ndipo pote mbili zilipokosea, kwa sababu hata waliomtetea wamekubali kwamba kupenda waini tamu ni ushamba. Wanachoomba ni asamehewe tu.

Hakuna cha kusamehewa. Kwenye ile meza, mtu pekee aliyejua anachopenda na akakisema ni yule msusi. Wengine walikuwa wanaagizia kamera.

HII SHERIA IMETOKA WAPI?

Mjini hapa imeingia sheria ambayo haijaandikwa popote: ukiwa mgeni unaanza na waini tamu, ukishakuwa mjanja unahamia kavu, na ukisharudi tamu umeshuka daraja. Watu wanaifuata kuliko sheria za barabarani.

Matokeo yake mnayaona. Kuna mtangazaji mmoja wa redio kila Ijumaa anaposti glasi ya waini kavu na maneno mazito ya maisha. Wanaokaa naye meza moja wanasema picha ikishapigwa tu, chupa ya Sprite inatoka chini ya meza inamiminwa humo humo. Kuna mwanamitindo mwingine anaagiza chupa ya bei mbaya, anakunywa robo, nyingine inabaki mezani. Pesa imekwenda, na koo halikufurahi.

Sasa jiulize, mtu anayechanganya waini kavu na Sprite kwa siri anatafuta nini? Utamu! Anaupenda kama yule msusi, tofauti ni kwamba yeye anaulipia mara mbili na kuuficha.

UTAMU UNATOKA WAPI HASA?

Wengi wanaoiponda waini tamu wanaamini ni waini mbovu iliyokorogwa sukari ya dukani. Tuliza akili kidogo hapa, somo ni fupi.

Zabibu ina sukari yake. Ikishakamuliwa, hamira inaanza kuila ile sukari na kuigeuza kilevi. Ikila karibu yote, unapata waini kavu. Sukari ikibaki, unapata waini tamu. Basi. Kwa hiyo swali la maana ni hili: mtengenezaji kafanya nini mpaka sukari ikabaki?

Njia ziko nyingi. Kuna wanaoacha zabibu mtini mpaka zinasinyaa kama zabibu kavu, maji yanapungua, sukari inajikusanya. Kuna wanaosubiri zigande kwa baridi. Kuna wanaomwaga pombe kali ya zabibu katikati ya safari, hamira inakufa, sukari inabaki. Ndivyo wanavyofanya Wareno kule bonde la mto Douro, na waini hiyo ndiyo inaitwa Port. Na ndiyo, kuna waini za bei chee ambazo utamu umeongezwa kiwandani mwishoni, kwa mfano kwa juisi ya zabibu. Hizo zipo, na wala si dhambi kuzinywa. Ila kuzichukua hizo kama kipimo cha waini tamu zote ni sawa na kusikiliza singo moja mbovu halafu useme Bongo Fleva yote haifai.

CHUPA YA PAUNI 75,000 ILIKUWA TAMU

Hapa sasa wale wa majina ya Kifaransa wakae vizuri.

Mwaka 2011 iliuzwa chupa moja ya waini nyeupe kwa pauni 75,000 za Uingereza, na wakati huo ikatajwa kuwa waini nyeupe ya bei kubwa kuliko zote zilizowahi kuuzwa. Ilikuwa Château d'Yquem ya mwaka 1811, kutoka eneo la Sauternes, Ufaransa. Ni waini ya namna gani hiyo? Tamu. Tamu kweli kweli, ile ya kunywewa mwisho wa mlo, na watu wa mezani huiita waini ya kitindamlo.

Na si bahati ya chupa moja. Mwaka 1855 Wafaransa walipopanga madaraja ya waini za Bordeaux, kwenye upande wa waini tamu Yquem iliwekwa peke yake juu ya zote. Utashangaa ukijua inavyopatikana. Kule Sauternes asubuhi za vuli kunakuwa na ukungu unaotoka mtoni, na ukungu huo unaleta kuvu kwenye zabibu. Ndiyo, zabibu zinaota kuvu! Kuvu hilo linatoboa ganda, maji yanakauka, inabaki sukari nzito yenye ladha kama ya asali. Wachumaji wanapita shambani mara kadhaa, kila mara wanachukua zile zilizofikia tu. Inasemwa mzabibu mmoja wa Yquem unatoa kama glasi moja ya waini kwa mwaka. Mti mzima, mwaka mzima, glasi moja.

Nenda Hungary. Waini yao tamu ya Tokaj ilikaa kwenye meza za wafalme wa Ulaya kwa karne nyingi, na mizabibu ya Tokaj imetajwa mpaka kwenye wimbo wa taifa. Taifa zima linasimama wima kuimba, na waini tamu imo ndani.

Nenda Canada. Kuna waini inatengenezwa kwa zabibu zilizogandia mtini kwenye baridi ya nyuzi 8 chini ya sifuri au zaidi. Zinachumwa na kukamuliwa zikiwa bado barafu. Maji yanabaki yameganda, inachuruzika juisi nzito tamu kidogo tu. Ndiyo maana zinauzwa kwenye chupa ndogo nyembamba na bei imesimama.

Kwa hiyo yule dada angekuwa London mezani kwa matajiri, akasema "naomba waini tamu", mhudumu angemletea orodha yake maalumu kwa heshima zote. Hapa Masaki akachekwa na mtu anayemiminia waini Sprite.

NA AFRIKA IPO KWENYE HII STORI

Msidhani ni mambo ya Wazungu peke yao. Moja kati ya waini tamu zilizowahi kupagawisha Ulaya ilitoka bara hili hili, Cape Town.

Shamba la Constantia lilianzishwa mwaka 1685. Katika karne ya 18 na 19 waini yake tamu ilikuwa habari ya mjini Ulaya nzima. Napoleon, yule yule mbabe wa vita wa Ufaransa, alipofungiwa kisiwa cha St Helena kuanzia 1815 alikuwa akiletewa Constantia huko huko uhamishoni. Mwandishi Jane Austen ameitaja kwenye riwaya yake ya 1811, mhusika mmoja anamletea mgonjwa wa mapenzi glasi ya Constantia eti itamtuliza moyo. Yaani mambo ya kunywa waini ukiachwa hayajaanza na kizazi cha Insta.

Lakini stori hii ina upande ambao hauchekeshi. Mashamba ya Cape yalilimwa na watumwa, na kati yao walikuwemo watu waliotolewa Madagaska na Msumbiji, ng'ambo tu ya hapa. Mikono ya Kiafrika ndiyo iliyochuma zabibu za waini iliyotuliza wafalme. Halafu leo Mwafrika aseme waini tamu si ya hadhi yetu, au si hadhi ya mjanja? Hadhi hiyo imelipiwa zamani, tena kwa bei ambayo haikupaswa kulipwa na binadamu.

Baadaye mizabibu ya Constantia ikaharibiwa na wadudu na waini hiyo ikapotea kwa muda mrefu. Shamba la Klein Constantia likaifufua, mavuno ya kwanza ya toleo jipya yakawa ya mwaka 1986, inaitwa Vin de Constance. Ipo mpaka leo, na wanaojua waini duniani wanaitafuta kwa tochi.

WASANII WA MAREKANI WALIFANYA NINI?

Kwa kuwa wengi mjini wanafuata upepo wa Marekani, basi na hii waijue. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, wasanii wa hip hop wa Marekani walianza kuitaja Moscato kwenye nyimbo zao. Moscato ni waini ya zabibu zenye harufu nzuri kama maua, na nyingi zake ni tamu. Ile ya Asti, Italia, ina vipovu vidogo na kilevi kidogo, kama asilimia 5 hivi. Mauzo ya Moscato Marekani yakapaa. Vijana weusi waliokuwa hawasogelei kabisa waini wakaingia kwenye mchezo kwa mlango huo.

Waliokuwa wanajiita wajuzi wakawacheka. Maneno yale yale: waini ya wasiojua, juisi ya watoto. Tofauti ni kwamba wale wasanii hawakubadilisha oda. Waliimba tena.

Msanii wa Bongo mwenye wafuasi milioni kadhaa anaweza kufanya jambo kama hilo kwa wiki moja tu. Anaweza pia kutumia wafuasi hao hao kumcheka msusi wake. Hapo ndipo unapima mtu.

DODOMA INASIKIA HIVYO VICHEKO

Hii ndiyo sehemu inayouma zaidi. Wakati watu wanashindana kutamka majina ya Ufaransa, hapo Dodoma kuna mizabibu.

Zabibu Dodoma si jambo la jana. Wamisionari walizipanda, na waumini wengi waliokua makanisani wanaikumbuka divai kabla hawajajua neno waini. Leo ukipita Hombolo, Mpunguzi, Mvumi, Bihawana utakutana na mashamba ya wakulima wa kawaida kabisa, si matajiri wenye kasri. Kuna hadi aina ya zabibu nyekundu inayobeba jina la Makutupora, mahali kilipo kituo cha utafiti wa zabibu.

Na Dodoma ina kitu ambacho Ufaransa hawana. Kule mzabibu unalala wakati wa baridi, unavuna mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna theluji ya kuulaza. Mkulima akipogoa vizuri anavuna mara mbili kwa mwaka. Jua la kutosha, ardhi kavu, zabibu zenye sukari. Yaani nchi hii imepewa mazingira ya kufanya waini tamu, halafu watu wake wanaona aibu kuinywa.

Angalia Dompo. Ni tamu, ni ya Dodoma, na kwa miaka imekuwa ikinywewa na watu wa kila aina: mafundi, mama wa kitchen party, wanachuo, hata wazee wastaafu wanaopiga glasi moja kabla ya kulala. Ila mjini ukiitaja, watu wanacheka. Imekuwa jina la utani, kwamba mtu wa Dompo ni mtu aliyechoka. Sasa jaribu hivi: imwage ndani ya glasi ya shingo ndefu, uipoze vizuri, umpe mjuaji bila kumwonyesha chupa, umwambie imetoka Ureno. Usishangae akifumba macho na kusema anasikia harufu ya matunda pori.

Kila anapochekwa mtu mmoja kwa kuagiza waini tamu ya nyumbani, kuna mgahawa unaamua usiiweke kwenye menyu. Mgahawa usipoiweka, kiwanda hakina sababu ya kutengeneza iliyo bora zaidi. Kiwanda kisipotengeneza, mkulima wa Hombolo anabaki na zabibu zinazoozea shambani huku kilio cha soko kikiwa kile kile cha miaka yote. Kicheko cha mezani Masaki kinafika mbali kuliko wanavyodhani.

WANAOIPONDA WANA POINTI MOJA

Haki bin haki, upande wa pili nao usikilizwe. Wanaosema waini tamu ni hatari hawajakosea kabisa. Utamu unaficha kilevi. Bia chungu inakuambia yenyewe "pole pole", waini tamu inakuita "njoo".

Piga hesabu. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi. Port yenye asilimia 20, mililita 125 tu, ambayo ni glasi ndogo ya waini, ina mililita 25 zile zile. Chupa nzima ya mililita 750 ni sawa na bia sita kubwa. Sasa kuna watu wanamaliza chupa wawili huku wanasema "hii si pombe, ni juisi". Asubuhi hawajui simu iko wapi.

Na wapo wanaume wa mjini wanaolijua hilo vizuri sana. Dada anasema hanywi, anaambiwa "basi chukua hii tamu, haileweshi". Anajaziwa glasi kila akigeuka. Wadada, shikeni hili: kwenye chupa kuna asilimia imeandikwa, isomeni wenyewe. Asilimia 5 na asilimia 18 zinaweza kuwa na utamu ule ule mdomoni, kichwani ni dunia mbili tofauti. Anayekuzuia kusoma lebo hana nia njema, hata awe staa wa namna gani.

Sukari nayo ipo. Waini nyingi za kitindamlo zina gramu 100 za sukari kwa lita na kuendelea, kiwango cha soda au zaidi. Mwenye kisukari, mjamzito, anayetumia dawa, anayeendesha, hii si yake. Na ambaye dini yake haimruhusu, hakuna kitu kinampita. Raha za mjini ni nyingi.

Lakini yote haya ni sababu ya kuinywa kwa akili. Hakuna hata moja iliyo sababu ya kumcheka mtu.

JINSI YA KUIPATA UNAYOIPENDA

Kwa wale wanaotaka kujua ladha yao bila kelele za mtu, mambo ni mepesi.

Anza nyepesi. Kama hujawahi, tafuta Moscato yenye vipovu, asilimia zake ziko chini na harufu yake inakukaribisha. Ukiizoea, jaribu zile za Afrika Kusini zilizoandikwa "natural sweet" au "late harvest". Hiyo ya pili maana yake zabibu zilichelewa kuchumwa. Halafu panda kwenye nzito: Dompo, Port, na siku ukipata safari au mgeni wa duty free, chupa ndogo ya Sauternes au ile ya barafu ya Canada.

Ipoze. Waini tamu ya moto wa Dar inakuwa kama dawa ya kikohozi. Weka kwenye friji masaa kadhaa. Barafu ndani ya glasi? Kwenye waini tamu ya kawaida, joto la Desemba, weka tu na asikuseme mtu. Kwenye ile ghali, acha, utaizimua bure wakati friji lipo.

Punguza kipimo. Waini ya kitindamlo nzito haijazwi glasi. Kipimo chake ni kama kikombe kimoja cha wale wauza kahawa wa mtaani. Unaonja, unaongea, unaonja tena. Nusu saa kikombe kimoja. Ndiyo maana chupa nyingi zake ni ndogo, mililita 375, na zinatosha watu watano.

Linganisha utamu na chakula. Kanuni ya wapishi ni kwamba waini iwe tamu kama chakula au kuzidi. Ukila keki ya bethidei na waini kavu, waini inageuka chachu mdomoni. Na hapo ndipo kichekesho cha ile klipu kilipo: keki ilikuwa mezani! Aliyeagiza sawa sawa kwa ajili ya ile keki ni yule dada.

Jaribu vya nyumbani. Port na korosho za kukaanga, usiku mmetulia. Moscato na embe dodo lililopozwa, au nanasi. Waini tamu nyeupe na kuku wa pilipili kali. Utamu unashika ule moto wa pilipili kwa namna ambayo waini kavu haiwezi. Dompo na chokoleti, au kashata za karanga. Hakuna haja ya kusubiri jibini ya kuletwa kwa ndege.

Na ikibaki, funga kizibo, rudisha kwenye friji. Port inavumilia wiki kadhaa, nyingine siku chache. Huna sababu ya kumaliza chupa eti itaharibika.

Muhimu kuliko yote, andika. Ukikutana na uliyoipenda, piga picha lebo uihifadhi kwenye simu yako. Usiiposti, ihifadhi. Baada ya miezi sita utakuwa na orodha yako, na siku mhudumu akija mezani hutahitaji kusikiliza jirani kasema nini.

KWA MASTAA WETU

Msusi anakaa na kichwa chako masaa sita. Anajua siri zako, anajua lini umelia, anajua nywele ipi ni yako na ipi ya dukani, na hajawahi kuposti. Ukimwalika mezani kwako, ni mgeni wako. Mgeni kwenye mila zetu zote, bara na pwani, anaulizwa anapenda nini, kisha anapewa hicho. Hakuna kabila nchini humu linalomkaribisha mgeni halafu linamrekodi akiaibika.

Taarifa za wanaomjua zinasema tangu ile klipu itoke dada huyo ameacha kwenda kwenye shughuli za staa huyo, anapiga kazi saluni kwake tu na wateja wameongezeka. Kama ni kweli, hongera zake. Kuna mtu akipita hapo saluni ampelekee Moscato moja ya baridi, na asirekodi.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Wewe unakunywa tamu au kavu, na je, unaipenda kweli au unaogopa watu? Na kama unaijua waini tamu ya Dodoma ambayo mjini hawajaishtukia bado, itaje hapo chini na uandike inapopatikana. Matusi yatafutwa.